Bango la matusi au la uongo barabarani: nani hasa mwenye mamlaka ya kulishusha?

KibaoWima (mleta mada)

Wakuu, salaam. Picha za mabango ya ajabu zinazunguka humu kila siku na maoni ni yale yale: manispaa imelala. Mara nyingi haijalala. Aliyelalamika amegonga mlango usio wake, barua imekaa kwenye faili miezi mitatu, na tangazo limeisha muda wake lenyewe. Nafungua uzi tulipange jambo hili. Watu wa sheria na mafundi wa mabango, nikikosea nisahihisheni.

Bango moja lina mambo matatu ndani yake, na kila moja lina mwenyewe.

La kwanza ni chuma: nguzo, msingi, ukubwa wa uso, umeme. Hapa ndipo kinapokaa kibali cha halmashauri. Mwombaji hupeleka barua, ramani ya mahali, mchoro wa muundo uliopitiwa na mhandisi na ridhaa ya mwenye kiwanja au ukuta. Ada hukokotolewa kwa ukubwa wa uso na kwa kuangalia kama bango lina taa au halina, nayo hulipwa kila mwaka.

La pili ni mahali. Kwa Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala wa barabara wa taifa, TANROADS, na za wilaya na mitaa ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, tangu 2017. Hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009. Zamani ilikuwa 22.5. Kwa hiyo bango lililosimama mita 26, hata likiwa na kibali safi cha manispaa, bila ridhaa ya TANROADS litapigwa X nyekundu tu.

La tatu ni maneno na picha. Hapa kibali huwa kimya, au husema sentensi moja kuhusu "maadili". Afisa aliyepitisha mchoro wa nguzo mwezi wa pili hajui ni tangazo gani litapandishwa mwezi wa nane, maana uso wa fleksi (ile plastiki iliyochapwa tangazo) hubadilishwa kila mteja mpya anapokuja. Risiti ya ada ni ushahidi kwamba uso umelipiwa. Haisemi kwamba kilichoandikwa ni kweli.

Mchanganyiko huu uliongezeka pale ukusanyaji wa ada ya mabango ulipohamishiwa mamlaka ya mapato, TRA, mwaka 2017 na baadaye kurudishwa halmashauri. Kuna wafanyabiashara hadi leo wanakuonyesha risiti ya TRA kana kwamba ni kibali. Kodi ni kodi, kibali ni kibali.

---

Mshona_Fleksi

Umeongea vizuri mkuu. Sasa kwa hayo, tangazo likiwa na picha ya uchi mbele ya shule ya msingi, manispaa inakunja mikono?

---

BiKifungu

Haikunji mikono, ila inabidi ijue imeshika nini.

Sheria ndogo za halmashauri nyingi zina kipengele cha kukataza matangazo yanayokiuka maadili au yanayoleta kero. Kabla hujaitegemea hakikisha vitu viwili: iwe imeidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na iwe imechapishwa katika Gazeti la Serikali. Rasimu iliyopita kwenye baraza la madiwani peke yake haina nguvu, na wakili wa kampuni ya mabango hilo ndilo swali lake la kwanza. Omba namba ya tangazo la serikali na mwaka wake. Ofisi ikishindwa kukupa, hapo una shida kubwa kuliko bango.

Ukitaka kitu kizito zaidi, Kanuni ya Adhabu, Sura 16, kifungu cha 175, inahusu machapisho ya aibu. Kinachodhihaki dini ya watu kina vifungu vyake humo humo. Hayo ni makosa ya jinai, kwa hiyo njia yake ni polisi. Afisa mipango miji si mpelelezi.

Sasa jambo linaloharibu kesi nyingi: kushusha bila notisi. Mkubwa anapiga simu asubuhi, saa nane mgambo wako juu na mkasi. Mwenye bango anakwenda mahakamani na kusema hakusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa haki hiyo, na hata kama picha ilikuwa chafu kiasi gani, mjadala unahama kutoka kwenye picha kwenda kwenye utaratibu. Notisi inayosimama ni ile inayotaja bango lipi (namba ya nguzo na mahali), sehemu ipi ya tangazo inalalamikiwa, kifungu gani kimevunjwa, siku ngapi amepewa kurekebisha, na ofisi gani atasikilizwa. Karatasi moja inatosha.

Wakati huo watoto wanapita pale, najua. Suluhisho ni kufunika: agiza uso ufunikwe kwa fleksi nyeupe au turubai ndani ya saa 24, nguzo ibaki. Uso wa mita 6 kwa 3 ni mita za mraba 18 tu, mafundi wawili wanamaliza asubuhi moja. Kukata nguzo kunaleta madai ya fidia ya chuma. Kufunika hakuharibu mali ya mtu.

---

Mtaa_wa_Biashara

Naongeza la Kenya, maana humu tuko wengi kutoka Mombasa na Nairobi. Huku msingi uko kwenye Katiba yenyewe: Jedwali la Nne, Sehemu ya 2, kipengee cha 3, kinaipa kaunti udhibiti wa kero za umma na matangazo ya nje kwa pamoja. Nairobi ina sheria yake ya matangazo ya nje ya 2018, na viwango vya ada hutoka kwenye sheria ya fedha ya kaunti. Barabara kuu za kitaifa ziko kwa KeNHA, za mijini kwa KURA, zote zimezaliwa na Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007. Kwa hiyo ile hadithi ya milango mitatu ni ile ile.

Tofauti iko kwenye uongo. Ibara ya 46 ya Katiba inataka sheria itakayohakikisha matangazo ya haki, ya kweli na ya staha. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 55, inakataza maelezo ya uongo kuhusu ubora, bei na mengineyo, na mlango wake ni Mamlaka ya Ushindani, CAK. Halafu Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inampa mteja nafasi ya kuvunja mkataba alioingia kwa maelezo ya uongo, mradi atoe taarifa ndani ya mwaka mmoja. Huo mwaka watu wengi huupoteza wakizungushwa na "njoo wiki ijayo".

Na bango la kuchochea kabila moja dhidi ya lingine si kazi ya kanjo (askari wa kaunti) kabisa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 kinataja hata kuonyesha maandishi hadharani. Peleka kwa tume ya uwiano na utangamano, NCIC, na polisi.

Kuhusu notisi, BiKifungu yuko sawa hata kwa upande wetu: Ibara ya 47 na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015.

---

VigezoNaMasharti

Mimi nauliza upande wa uongo. Makampuni yanaandika chini kabisa "vigezo na masharti kuzingatiwa". Wakishaandika hivyo si wamejikinga?

---

KibaoWima

Jina lako na swali lako vimeendana mkuu, hahaha. Twende kwenye hesabu kwanza kisha sheria.

Wahandisi wa alama za barabarani Marekani huchukua kwamba herufi yenye urefu wa inchi 1 husomeka na dereva kutoka umbali wa futi 30 hivi. Kwa vipimo vyetu ni milimita 25 kwa mita 9. Chukua bango kubwa la kando ya barabara kuu ambalo mstari wa masharti una herufi za milimita 60. Mstari huo unaanza kusomeka ukiwa mita 21 au 22. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva ana sekunde moja isiyotimia. Na uso wenyewe uko juu ya nguzo ya mita 8 au 10, kwa hiyo ukiwa mita 20 umeshatoka kwenye kioo cha mbele, unaona nguzo tu.

Tuseme masharti yana maneno 25 na mtu anasoma maneno matatu kwa sekunde. Anahitaji sekunde 8, yaani karibu mita 178 za barabara. Ili herufi zisomeke kutoka huko zinatakiwa ziwe na urefu wa nusu mita. Hakuna mbunifu atakayekubali. Kwa maneno mengine, masharti yanayobadilisha maana ya kichwa cha tangazo hayana mahali kwenye bango la barabara kuu. Kituo cha daladala sawa, pale mtu anasimama dakika kumi mbele ya uso.

Sheria ya Ushindani ya Tanzania, Na. 8 ya 2003, kifungu cha 15, inakataza mwenendo unaopotosha au *unaoelekea* kupotosha. Hilo neno la pili ndilo lenye meno. Huhitaji kumleta mtu aliyekwisha kulizwa, unahitaji kuonyesha kwamba mtu wa kawaida akipita pale ataondoka na picha isiyo ya kweli. Kifungu cha 16 kinataja maelezo ya uongo yenyewe. Maandishi madogo yanaweza kufafanua kichwa, ila hayawezi kukikana. "Intaneti bila kikomo" juu, "hadi GB 20" chini, hapo chini kunakana juu.

Kusifia mali ni jambo lingine. "Chai tamu kuliko zote" ni maneno ya sokoni, hakuna anayeyapima. "Inaua asilimia 99.9 ya vijidudu" inapimika, kwa hiyo mwenye tangazo awe na karatasi ya maabara mkononi siku anayopandisha. Kuitafuta baada ya kuulizwa ni kuchelewa.

---

Beacon_Nne

Kwenye mabango ya viwanja ndiko uongo unakopita laini, na wengi hawajui hata waulize nini. Nitaeleza kwa Bara.

Kuna hatua zinazofuatana: mchoro wa mipango miji (TP), upimaji na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, kisha hati. Bango likisema "kimepimwa" maana yake vigingi viko chini na ramani ya upimaji ipo. Likisema "chenye hati" maana yake hati imeshatoka. Sasa wauzaji huandika "viwanja vyenye hati" wakati walicho nacho ni TP, na hati "utasaidiwa kufuatilia" kwa gharama yako. Hayo ni maelezo ya uongo kuhusu mali, moja kwa moja.

Uliza kwa maandishi, WhatsApp inatosha: namba ya kiwanja, kitalu, namba ya ramani ya upimaji, namba ya hati. Kisha nenda ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya "kushika nafasi". Majibu ya muuzaji yahifadhi, maana bango litashushwa lakini meseji zitabaki.

"Kuanzia milioni 3" nayo ina ujanja wake. Uliza ni viwanja vingapi vya bei hiyo vilikuwepo siku bango linapanda. Vikiwa viwili kati ya mia mbili, na vyote viwili viko bondeni, hiyo inaitwa bei chambo: inakuvuta ofisini uuziwe cha milioni 7. Na "dakika 5 kutoka lami" ipime mwenyewe kwa gari la kawaida. Pikipiki ya dalali haihesabiki.

---

Mshona_Fleksi

Na "punguzo asilimia 50"? Hii tunachapa kila Desemba.

---

BiKifungu

Swali la mpelelezi ni moja: asilimia 50 ya bei ipi, na bei hiyo ilitumika lini. Kitu kilichokuwa 60,000 mwezi wa kumi, kikapandishwa hadi 120,000 Novemba ishirini, kisha "kikapunguzwa" hadi 60,000, hakijapungua. Risiti za mwezi wa kumi ndizo ushahidi. Duka linalotumia mashine ya risiti ya EFD limeshajiandikia ushahidi wenyewe.

---

Mtaa_wa_Biashara

Kabla uzi haujaenda mbali, tuandike malalamiko yanayofanya kazi yanaonekanaje. Mengi hukwama kwenye picha.

Piga picha tatu. Ya mbali ionyeshe bango pamoja na kitu kisichohama: jina la barabara, kituo cha mafuta, geti la shule. Ya pili uso mzima umenyooka. Ya tatu kibati au maandishi ya chini ya nguzo yenye jina la kampuni ya mabango na namba ya muundo. Hiyo ya tatu ndiyo watu huisahau, na bila hiyo afisa hajui amwandikie nani, kwa sababu mwenye nguzo na mwenye tangazo ni watu wawili tofauti. Washa huduma ya mahali (location) kwenye simu ili picha ibebe nukta za ramani, na tuma faili lenyewe kwa barua pepe. WhatsApp hupunguza ubora na kufuta taarifa hizo.

Kwenye barua usiandike "tangazo hili ni la aibu, chukueni hatua". Nukuu maneno ya tangazo kama yalivyo, sema yanampa mpitaji picha gani, sema ukweli ni upi na umeujuaje, ambatisha karatasi. Ukurasa mmoja. Omba kitu mahususi: maneno yaondolewe, au bango lirekebishwe, au urudishiwe fedha. Nakala ipeleke kwa mwenye nguzo. Mara nyingine huyu ndiye hushusha wa kwanza, hataki kibali chake cha mwakani kiguswe.

Mlango gani sasa: uongo wa bei, sifa na ubora ni Tume ya Ushindani (FCC) kwa Bara, CAK kwa Kenya. Zanzibar ina tume yake, FCC haivuki bahari. Dawa ni mamlaka ya dawa, TMDA, kwa Bara na Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya. Chakula na vipodozi kwa Bara ni shirika la viwango, TBS, tangu 2019, wengi bado wanaandikia TFDA ambayo haipo tena. Kamari ni msimamizi wa michezo ya kubahatisha wa kila nchi. Nguzo iliyoinama, nyaya nje, kuziba taa za barabarani: hapo ndipo manispaa au kaunti, na wakala wa barabara.

---

Gundi_ya_Unga

Mmesahau karatasi za waganga kwenye nguzo za umeme. "Rudisha mpenzi dakika 30, pete ya bahati, ongeza maumbile." Hizo hazina kibali, hazina ada, hazina mwenye nguzo anayezijua.

---

BiKifungu

Hizo zina makosa mengi kwa mkupuo. Kubandika kwenye mali ya shirika la umeme bila ruhusa, kukwepa ada ya tangazo, na kudai uwezo usio wa kawaida, jambo ambalo sheria za uchawi (Sura 18 Tanzania, Sura 67 Kenya) zimeligusa tangu enzi za mkoloni. Zikitaja ugonjwa, Kenya kuna Sheria ya Dawa na Sumu, Sura 244, yenye orodha ya magonjwa ambayo tiba yake hairuhusiwi kutangazwa kwa umma. Tanzania, mganga anasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya 2002. Kusajiliwa hakumaanishi baraza limethibitisha kwamba mpenzi atarudi kwa dakika 30.

Tatizo ni nani wa kushtaki. Jina kwenye karatasi ni la kubuni, kilichopo ni namba ya simu. Namba imesajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo ushahidi ni namba hiyo pamoja na ujumbe wa malipo. Ndiyo maana nasema: piga picha kabla ya kubandua. Timu ya usafi ikipita na kubandua zote asubuhi, mtaa unapendeza, lakini jalada la polisi ni tupu na kesho zimebandikwa nyingine.

---

Gundi_ya_Unga

Na kwa wanaobandua: gundi ya unga hailainiki ukiwa na haraka. Lowesha kwa bomba la kunyunyizia, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, acha dakika 10 hadi 15, kisha kwangua kuanzia juu kwenda chini. Kupaka rangi juu ya karatasi ni kupoteza ndoo, mvua ya kwanza inamenya rangi na karatasi pamoja. Stika za plastiki zinataka joto, siyo maji. Nguzo ya zege au ukuta ukipakwa rangi yenye mchanga, uso ukawa wa mikwaruzo, karatasi inashika kwenye vilele tu na inabanduka kwa mkono. Kwenye nguzo za umeme ishia pale mkono unapofika ukiwa umesimama chini. Hakuna ngazi bila watu wa shirika.

---

Mswahili_Leicester

Naomba niwapitishe huku Uingereza kidogo, maana kuna jambo litakalowashangaza. Halmashauri ya England haina mamlaka ya kukataa tangazo kwa sababu maneno yake yanaudhi. Kanuni za udhibiti wa matangazo za 2007 zinaipa vigezo viwili tu, mandhari na usalama wa umma. Maudhui yanakwenda ASA, chombo cha hiari cha wenye fani kilichoanzishwa 1962, ambacho hakitozi faini. Kinatoa uamuzi kwamba tangazo liondolewe, na wamiliki wa mabango wanatii. Bango lisilo na ridhaa ya mipango ndilo linalompeleka mtu mahakamani, faini hadi pauni 2,500 na nyongeza kwa kila siku linapoendelea kusimama. Karatasi za kubandika, halmashauri inaweza kuziondoa ikishampa mwenye jina kwenye karatasi notisi ya siku mbili.

Lakini angalieni London. Shirika la usafiri, TfL, mwaka 2016 lilizuia kwenye treni na vituo vyake matangazo yanayowafanya watu wauchukie mwili wao, baada ya kelele za mwaka 2015 kuhusu bango la bidhaa za kupunguza unene. Februari 2019 likazuia na vyakula vya mafuta, chumvi na sukari nyingi. Limewezaje wakati halmashauri haiwezi? Kwa sababu ukuta ni wake. Linapangisha nafasi, na mwenye nyumba anachagua nini kining'inie ukutani kwake.

---

Minneapolis_Baridi

Marekani ni kali zaidi kwa upande wa uhuru. Mji wa Gilbert, Arizona, ulikuwa na vipimo tofauti kwa kila aina ya kibao: cha mawazo au imani futi za mraba 20, cha siasa hadi 32, cha kuelekeza watu kwenye ibada futi 6 tu, tena kisiwekwe zaidi ya saa 12 kabla ya ibada na kiondolewe ndani ya saa moja baada yake. Kanisa dogo lisilo na jengo likashtaki. Mwaka 2015 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakakubaliana kwamba mji umekosea, na wengi wao wakasema sheria ya vibao inayoweka kipimo kwa kuangalia kibao kinasema nini inaongozwa na maudhui, na karibu haiwezi kusimama. Baada ya hapo miji mingi ilibidi iandike upya sheria zake za vibao.

Tangazo la biashara linalodanganya halina kinga hiyo. Tangu kesi ya Central Hudson ya 1980 ni wazi kwamba tangazo la kupotosha linaweza kuzuiwa. Kwa hiyo huku maneno makali kwenye kibao cha nyumbani kwako yanabaki, bei ya uongo dukani kwako inaondoka. Kwetu nyumbani naona ni kinyume: la kuudhi hushushwa siku hiyo hiyo, la kudanganya linamaliza msimu.

---

Mtaa_wa_Biashara

Hiyo sentensi ya mwisho imeniuma kwa sababu ni kweli.

---

Baraza_la_Forodhani

São Paulo walichoka wakafuta yote. Sheria ya Mji Safi ya 2006, ikaanza Januari 2007: mabango ya kupangisha yamekwisha, kibao cha duka kwa ukubwa wa uso wa jengo. Uso chini ya mita 10, kibao kisizidi mita za mraba 1.5. Kati ya 10 na 100, mita za mraba 4. Huko hamna ubishi wa maudhui, afisa anatembea na futi tu. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mantiki inayofanana: kibao cha duka kinapitia mamlaka ya hifadhi, na linaloangaliwa ni kama kinafunika mlango wa nakshi au kibaraza. Lakini duka linalouza viungo vya kuchanganya na vumbi halitakamatwa kwa kipimo cha kibao.

---

Mshona_Fleksi

Naomba sasa orodha ya kwetu wachapaji. Kazi ikija mezani tukatae nini?

---

KibaoWima

Sikupi orodha ya jela, nakupa mambo yanayojirudia.

Msalaba mwekundu kwenye uso mweupe kwa duka la dawa au zahanati. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, haitumiki kibiashara. Mchoree mteja msalaba wa kijani, wala hataona tofauti.

Neno "Benki" bila leseni ya benki kuu, na "Chuo Kikuu" bila ithibati. Neno "Hospitali" kwa kituo kilichosajiliwa kama zahanati: omba cheti cha usajili, nakili daraja lililoandikwa humo neno kwa neno. Ngao ya taifa na bendera kwenye tangazo la biashara zina sheria yake, Tanzania na Kenya pia.

Kibao kinachofanana na alama ya barabarani. Duara jekundu lenye mstari, pembetatu ya onyo, mshale mweupe juu ya kijani: dereva hana muda wa kugundua kwamba ni tangazo la soda. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu alama za barabarani unakataza kabisa. Skrini ya LED inayowaka nyekundu na kijani nyuma ya taa za kuongozea magari ni kosa la namna hiyo hiyo, na hilo manispaa hulishusha bila kukusomea kifungu.

Kwa tangazo la dawa, kipodozi au kamari, omba barua ya idhini ya msimamizi wake kabla ya kuwasha mashine, weka nakala kwenye faili la kazi. Ni karatasi moja. Ukiulizwa baadaye unaonyesha ulichopewa.

---

Ukuta_wa_Kona

Wakuu, swali langu ni la mwenye nyumba. Ukuta wa kona unapangishwa kwa kampuni ya mabango kwa mwaka, mwenye nyumba hajui kesho watapandisha nini. Likija la matusi au la utapeli, yeye yuko wapi?

---

BiKifungu

Yuko mahali pa TfL, kama alivyosema kaka wa Leicester, mradi ameandika. Mikataba mingi ya kuta ina bei, muda na umeme, basi. Ongeza ibara nne fupi kabla ya kusaini.

Kila uso mpya, mwenye nyumba atumiwe picha ya mchoro siku 3 za kazi kabla ya kupandishwa, na ana haki ya kukataa kwa maandishi. Taja mapema visivyokubalika: pombe, kamari, waganga, siasa, chochote asichotaka kwenye ukuta wake. Kampuni ya mabango ibebe faini, gharama za kushusha na madai yoyote yanayotokana na maudhui. Na mamlaka ikitoa notisi, kampuni ifunike uso ndani ya saa 24, ikishindwa mwenye nyumba afunike na kukata gharama kwenye dhamana aliyoshika. Dhamana ya kodi ya miezi miwili inatosha kwa fundi, fleksi nyeupe na kreni ya siku moja.

Halmashauri nazo zingeandika hivyo hivyo kwenye nguzo zao za taa na vituo vya mabasi, maana pale wao ndio wenye ukuta. Mkataba ukija mezani kwa mwanasheria wa manispaa, aangalie ukurasa wa maudhui kwanza. Kama haupo, aurudishe.

---

Ukuta_wa_Kona

Na kama mkataba umeshasainiwa na umebakiza miezi saba?

---

BiKifungu

Andika nyongeza ya mkataba, ukurasa mmoja, pande zote zisaini. Waombe wakati wanapokuja kuomba kubadilisha taa au kuongeza ukubwa wa uso. Siku hiyo wanakuhitaji.